Futikamba Kabla ya Sindano

Mzazi mwenye mtoto mfupi hakosi washauri. Bibi atasema ndivyo ukoo ulivyo, jirani atauliza mtoto anakula nini, mwalimu atamkalisha dawati la mbele. Siku hizi ameongezeka mshauri mwingine, mwenye maneno ya maabara: mpelekeni akapimwe homoni ya ukuaji kabla hamjachelewa. Huyu ndiye ninayetaka kujibizana naye, maana anayoyasema yana ukweli wa kutosha kumfanya aaminike, na upotofu wa kutosha kuwatia wazazi hasara.

Nianze na ukweli wake. Homoni ya ukuaji hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ikishaingia kwenye damu huliamsha ini litengeneze kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, na viwili hivyo kwa pamoja huirefusha mifupa kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake. Tezi ikishindwa kazi, mtoto hukua kwa kujikongoja. Watoto wa namna hiyo wapo, sindano huwasaidia sana, na anayegunduliwa akiwa na miaka 5 hupata faida kubwa kuliko anayegunduliwa akiwa na miaka 14. Ninachokikataa ni kuugeuza ukweli huo uwe msako wa damu ya kila mtoto mfupi.

"Akiwa mfupi kuliko wenzake, homoni imepungua"

Kitabibu, mtoto huitwa mfupi urefu wake unapokuwa chini ya mstari fulani kwenye mchoro wa ukuaji. Mstari huo umewekwa mahali ambapo, katika kundi la watoto wenye afya, asilimia 2 hadi 3 watakuwa chini yake. Kwa hiyo hata ukikusanya watoto walioshiba, waliochanjwa na wasio na ugonjwa wowote, bado wawili au watatu katika kila mia wataitwa wafupi. Hawana kosa, ndivyo mstari ulivyochorwa. Upungufu wa homoni ya ukuaji ni jambo la nadra mno kulinganisha na hilo: makadirio yanayotumika sana ni kati ya mtoto mmoja kwa 4,000 na mmoja kwa 10,000.

Katika jimbo la Utah, Marekani, watafiti walijaribu kazi hii kwa ukubwa unaostahili kuangaliwa. Walipima urefu wa wanafunzi wa shule za msingi wapatao 115,000, na mwaka uliofuata wakawapima tena karibu 80,000 kati yao. Matokeo yalichapishwa 1994. Hawakumchukua damu kila mfupi. Waliwateua wale tu waliokuwa katika asilimia 3 ya mwisho kwa urefu na ambao, juu ya hayo, waliongezeka chini ya sentimita 5 katika mwaka mzima. Baada ya mchujo huo wa mara mbili walibaki watoto 555. Unaweza kudhani sasa wamebaki wagonjwa watupu. La hasha. Wenye maradhi ya homoni ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 5. Takriban wanane katika kila kumi walikuwa watoto wa wazazi wafupi, au watoto wanaochelewa kubalehe ambao wangerefuka baadaye, au vyote viwili. Upungufu wa homoni ya ukuaji ulionekana kwa mtoto mmoja katika kila 3,500 hivi waliopimwa.

Hayo yalikuwa Utah, ambako njaa si sababu kubwa ya ufupi. Nitarudi kwenye njaa.

"Kipimo cha damu kitamaliza ubishi"

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoachia fedha zao, kwa hiyo niruhusiwe kukaa kidogo.

Homoni ya ukuaji haitiririki kwenye damu kwa kiwango kimoja mchana kutwa. Tezi huitoa kwa vipindi, na kwa watoto sehemu kubwa hutoka usiku, katika usingizi mzito. Ukimchukua damu saa nne asubuhi mtoto ambaye tezi yake ni nzima kabisa, unaweza kukuta kiasi kidogo kinachokaribia sifuri. Karatasi ya majibu itasema "chini", mama ataingiwa na hofu, na yule mtoto hana tatizo lolote. Nje ya siku za mwanzo za maisha ya kichanga, kipimo cha homoni hii kilichochukuliwa wakati wowote tu hakimwambii daktari jambo la maana. Anayekiuza kama uchunguzi wa ufupi anauza karatasi.

Ndiyo maana madaktari bingwa hutumia vipimo vya kuishtua tezi. Mtoto hulala bila kula, asubuhi huwekewa mrija kwenye mshipa, hupewa dawa ya kuchochea tezi (klonidini, glukagoni, ajinini au insulini), kisha damu huchukuliwa tena na tena, kama kila nusu saa, kwa saa mbili au zaidi. Si jambo la kufanya kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Insulini hushusha sukari ya damu makusudi, na mtoto mdogo anaweza kupoteza fahamu. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha taarifa ya madaktari waliotahadharisha juu ya hatari za vipimo hivi kwa watoto, na katika taarifa hiyo kulikuwa na vifo. Tangu hapo taratibu za usalama zimekazwa, lakini hatari haijafutika.

Tuseme basi kipimo kimefanyika vizuri, hospitali nzuri, daktari anayejua kazi. Bado kuna swali la wapi pa kukata. Miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa mikrogramu 10 kwa lita. Wengine wanatumia 7. Namba zenyewe zilitokana na makubaliano ya wataalamu, wala mwili haukuchora mstari huo. Mashine za maabara mbalimbali hutoa majibu tofauti kwa damu ile ile. Mtoto mnene hutoa homoni kidogo anapochochewa, ingawa anarefuka vizuri. Kisha kuna utafiti mmoja wa Marekani wa 1994 ambao ungetakiwa kubandikwa ukutani katika kila maabara inayotangaza kipimo hiki. Walichukuliwa watoto wa urefu wa kawaida, wasio na malalamiko. Miongoni mwa wale ambao hawajaanza kubalehe, asilimia 61 hawakufikisha hata hiyo mikrogramu 7 katika kipimo chochote kati ya vitatu walivyofanyiwa. Walipotangulizwa dawa ya estrojeni, karibu wote walivuka mpaka. Watoto wazima, warefu wa kutosha, na zaidi ya nusu "wamefeli".

Kwa sababu hiyo miongozo ya kitaalamu haikubali kumtangaza mtoto kuwa ana upungufu kwa kufeli kipimo kimoja. Hudai viwili, pamoja na historia ya ukuaji, picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, na mara nyingi picha ya MRI ya ubongo. Hata hivyo, watoto wengi waliowahi kuandikiwa kwamba wana upungufu usio na chanzo kinachojulikana, wakipimwa upya baada ya kumaliza kukua, hukutwa tezi zao zinafanya kazi kama kawaida.

Twende kwenye hesabu, ya kukadiria tu. Chukua watoto 100,000 wenye lishe nzuri. Wafupi watakuwa kama 2,300. Wenye upungufu wa kweli, kwa kadirio la juu, ni 25. Tuseme kipimo chako ni kizuri kuliko vilivyopo, na kinamkosea mtoto mzima mmoja tu katika kila 10. Ili uwapate hao 25, utawaandika wengine wapatao 230 kuwa wagonjwa ilhali si wagonjwa. Sasa hamishia hesabu hiyo mahali ambapo wafupi ni 30,000 katika kila 100,000. Wanaosingiziwa ugonjwa watakaribia 3,000. Wenye tezi mbovu hawajaongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni watoto unaowachoma.

"Basi pima IGF-1, hiyo haipandi na kushuka"

Hoja hii ni bora kuliko iliyotangulia, na mtu anayeitoa amesoma. IGF-1 kweli hukaa kwenye damu kwa kiwango kinacholingana asubuhi na jioni, na daktari wa homoni huipima. Kasoro yake ni kwamba inategemea chakula. Mtoto asipopata protini na nishati ya kutosha, ini hupunguza kuitengeneza, hata pale ambapo homoni ya ukuaji imejaa tele. Watafiti wa Cape Town waliwapima watoto wenye kwashakoo miaka ya 1960, wakakuta homoni ya ukuaji iko juu kuliko kawaida. Tezi inapiga kelele, ini halina cha kujengea. Magonjwa ya ini, ya tezi ya shingoni na maambukizi ya muda mrefu nayo huishusha IGF-1. Kwa hiyo katika kijiji ambacho mlo ni ugali na mboga za majani kwa miezi kadhaa, IGF-1 ya chini inatoa habari za sufuria kabla ya kutoa habari za pituitari.

"Udumavu wa watoto wetu ungeisha kwa homoni"

Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya, mwaka huo huo, ilikuwa asilimia 18, na Kilifi peke yake asilimia 37. Nchini Tanzania mkoa uliokuwa na hali mbaya zaidi ulikuwa Iringa, karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa zilizokuwa kama asilimia 50. Hii ni mikoa inayolima mahindi ya kulisha wengine. Hakuna maradhi ya pituitari yanayoshika nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Sababu zinazojulikana ni za kawaida mno kiasi cha kutovutia wauza dawa: mama aliyepata mimba akiwa hana akiba mwilini, mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, uji mwepesi usio na karanga, dagaa wala yai, kuharisha kusikokwisha, maji yasiyo salama, mama anayeshinda shambani kutwa nzima na kumwacha mtoto kwa ndugu yake wa miaka 7. Madhara mengi huingia kati ya kutungwa kwa mimba na siku ya kuzaliwa ya pili. Kumchoma mtoto huyo homoni ni kumwongezea kitu ambacho mara nyingi anacho tayari kwa wingi.

Wakati mwingine hoja hii huja imevaa nguo nyingine: kwamba watu wa misituni kama Wambuti wa Ituri ni wafupi kwa kukosa homoni, kwa hiyo Waafrika wapimwe wote. Watafiti waliozipima jamii za misitu ya Afrika ya Kati tangu miaka ya 1960 walikuta homoni ya ukuaji katika damu yao iko kawaida. Tofauti iko katika namna mwili unavyoiitikia, na IGF-1 yao haipandi sana wakati wa balehe kama inavyopanda kwa majirani zao. Ni maumbile ya jamii hizo, nao hawahitaji kutibiwa.

"Hiyo michoro ya ukuaji ni ya Wazungu"

Hili nimelisikia kwa wasomi pia. Michoro ya watoto wa chini ya miaka 5 iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 ilitokana na watoto wapatao 8,400 wa miji sita: Pelotas (Brazili), Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis (Marekani). Waliochaguliwa walikuwa watoto wanaonyonyeshwa, wenye mama wasiovuta sigara, wenye huduma za afya. Watoto wa Accra na wa Muscat walirefuka karibu sawa na wa Oslo. Ukiona mwanao wa miaka 3 yuko chini sana ya mstari, usiilaumu Ulaya.

Picha ya eksirei ya mkono ndiyo inayostahili lawama hiyo kidogo. Kitabu kinachotumiwa sana kulinganishia umri wa mifupa, cha Greulich na Pyle, kilitokana na watoto wa Cleveland, Ohio, waliopigwa picha miaka ya 1930 na kuendelea. Mifupa iliyochelewa haithibitishi upungufu wa homoni: njaa huichelewesha, tezi ya shingoni iliyolala huichelewesha, na mtoto atakayebalehe kwa kuchelewa huwa nayo imechelewa pia. Eksirei humwonyesha daktari ni muda gani wa kukua uliobaki.

"Ni ukoo tu, atarefuka akibalehe"

Sasa nawageukia walio upande wa pili, wale wanaonipigia makofi tangu mwanzo. Wao nao wanakosea, na kosa lao linaweza kuwa baya kuliko la mwuza vipimo.

Kule Utah karibu nusu ya watoto waliokutwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, au wasichana wenye hali ya Turner (nitaieleza mbele kidogo), walikuwa hawajagunduliwa na yeyote. Walikuwa na wazazi, na pengine waliambiwa au walijiambia kwamba ni ukoo. Ukoo una hesabu yake: jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, ongeza 13 kama ni mvulana au toa 13 kama ni msichana, gawanya kwa 2. Mtoto mzima huishia ndani ya sentimita 8 au 9 juu au chini ya hapo. Baba wa sentimita 165 na mama wa 155 wakipata mvulana, matarajio ni 166.5. Kijana huyo akiwa mfupi darasani pasipo kasoro katika kasi yake ya kukua, ni wa kwao. Lakini hesabu hii ina mtego kwetu. Wazazi ambao wenyewe walidumaa utotoni kwa njaa au maradhi wanaonekana kama "ukoo wa wafupi", na kwa kipimo chao ufupi wa mtoto mgonjwa unahalalishwa.

Kinachotenganisha mfupi mzima na mfupi mgonjwa ni kasi. Mwaka wa kwanza mtoto huongezeka kama sentimita 25, wa pili kama 12, wa tatu kama 8. Kuanzia miaka 4 hadi anapokaribia kubalehe, aliye chini ya sentimita 4 au 5 kwa mwaka anatakiwa kuonwa, hata kama bado hajawa mfupi wa kutisha. Mtoto aliyekuwa akienda sambamba na mstari wake kwenye mchoro, kisha akaanza kuushuka mwaka hadi mwaka, ana hali ya haraka kuliko mfupi aliyeshikamana na mstari wake wa chini tangu azaliwe.

Na daktari anayemwona ataanza na vitu vingi kabla ya homoni ya ukuaji. Ukanda wetu una selimundu, ambayo huchelewesha ukuaji na balehe. Ipo VVU, ipo kifua kikuu, kuna figo zinazochoka kimyakimya, kuna dawa za steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu kutibu pumu au ngozi bila usimamizi. Ipo tezi ya shingoni iliyolala, ambayo dalili yake pekee inaweza kuwa mtoto kusimama kurefuka na kuwa mzito wa mwendo. Tiba yake ni kidonge cha kila siku cha bei nafuu. Kipimo cha picha kubwa ya damu, mkojo, figo, ini na tezi ya shingoni kinaweza kufanyika katika hospitali ya mkoa au ya kaunti.

Wasichana nawaombea nafasi ya pekee. Hali ya Turner, ambapo kromosomu moja ya X imekosekana au ina kasoro, humpata mtoto wa kike mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500, mara nyingi zaidi kuliko upungufu wa homoni ya ukuaji. Huja na ufupi, ovari zisizofanya kazi, na pengine kasoro za moyo na figo. Wengi hugunduliwa pale tu wenzao wanapovunja ungo na wao wakabaki. Sababu haijifichi: mvulana mfupi hupelekwa hospitali, msichana mfupi husifiwa kuwa ni mdogo mzuri. Hospitali moja ya Marekani ilipohesabu watoto 278 waliopelekwa kwa kukua vibaya, wavulana walikuwa karibu mara mbili ya wasichana, na bado waliokutwa na ugonjwa walikuwa asilimia 41 ya wasichana na asilimia 15 tu ya wavulana. Taarifa hiyo ilitoka 2005. Msichana alisubiri mpaka hali imekuwa mbaya ndipo akapewa nauli.

Upungufu wenyewe wa homoni ya ukuaji pia una alama zake, na hizi ndizo zinazopaswa kumfikisha mtoto kwa bingwa bila kuzungushwa: sukari kushuka mara kwa mara katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa, manjano isiyoisha, uume mdogo kupita kiasi kwa kichanga, mdomo sungura au kasoro nyingine za katikati ya uso, uvimbe wa ubongo au mionzi ya kichwa iliyotolewa kutibu saratani, ndugu wa tumbo moja mwenye hali hiyo. Urefu wakati wa kuzaliwa mara nyingi huwa wa kawaida, kwa hiyo "alizaliwa mrefu tu" si utetezi. Mtoto anayekua polepole huku anaumwa kichwa, anatapika asubuhi au anashindwa kuona vizuri pembeni apelekwe wiki hiyo hiyo.

"Messi alichomwa sindano akawa mrefu"

Lionel Messi aligunduliwa na upungufu wa homoni ya ukuaji akiwa mtoto mjini Rosario, Argentina, na klabu ya Barcelona ikakubali kugharamia tiba alipohamia Hispania akiwa na miaka 13. Leo ana urefu wa sentimita 170 hivi, mfupi kuliko mwanamume wa wastani wa nchini kwake. Tiba ilimfikisha mahali ambapo mwili wake ungefika kama tezi ingekuwa nzima. Haikumpa kimo cha kipa. Wazazi wanaomleta mtoto mzima wa mpira wakitaka "ile ya Messi" wanaomba kitu ambacho Messi mwenyewe hakukipata.

"Hata kama hana upungufu, sindano haitamdhuru"

Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu homoni hii itumike kwa watoto wafupi sana wasio na upungufu wala ugonjwa unaojulikana. Ulaya haikuruhusu. Jaribio la Marekani lililolinganisha sindano za homoni na sindano za bandia kwa watoto wa aina hiyo, likachapishwa 2004, lilikuta tofauti ya wastani wa sentimita 3.7 katika urefu wa utu uzima. Miaka ya sindano, kwa sentimita 3.7. Hesabu nyingine ya Marekani ya 2006 ilipata kwamba kila inchi moja iliyoongezeka iligharimu zaidi ya dola 52,000.

Zitazame pia siku zenyewe. Homoni nyingi huchomwa kila usiku kwa miaka mingi na hutunzwa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8. Siku hizi zipo za mara moja kwa wiki, lakini jokofu linabaki, na umeme unaokatika unabaki. Madhara hayatokei kwa wengi, ila yapo: kichwa kuuma kwa shinikizo la ubongo, kichwa cha mfupa wa paja kuteleza kwenye nyonga, uti wa mgongo uliopinda kuzidi kupinda, sukari kupanda. Na yupo anayekumbuka kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 homoni hii ilikamuliwa kutoka pituitari za maiti, mpaka 1985 ilipogundulika kwamba baadhi ya waliotibiwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob. Ufaransa peke yake ilipoteza zaidi ya watu 100. Ya leo hutengenezwa maabara na haina hatari hiyo. Nimeitaja kwa sababu watoto wale nao walichomwa na watu wenye nia njema.

Wanaosema mtoto mfupi atanyong'onyea moyoni wasome kilichopatikana kusini mwa Uingereza, katika uchunguzi wa Wessex. Watoto wafupi wasio na ugonjwa walifuatiliwa kutoka walipoanza shule na kulinganishwa na wenzao wa urefu wa wastani. Taarifa ya 1997 ilionyesha kwamba hali ya maisha ya nyumbani ilieleza maendeleo na tabia zao kuliko kimo. Kimo kilitangulia katika jambo moja tu: kuridhika na miili yao. Utani wa shuleni upo na unauma, ila mwenye kuutibu ni mwalimu mkuu.

"Kuna unga, matone na vidonge vya kurefusha"

Homoni ya ukuaji ni protini. Ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Chochote kinachouzwa kwa kumeza na kudai kina homoni hiyo ni utapeli. Maziwa, mayai na usingizi ni vizuri kwa mtoto; kuning'inia kwenye mwembe ni mchezo mzuri pia, na hakurefushi mfupa.

Kama una mtoto anayekutia wasiwasi, fanya hivi kabla ya kulipia kipimo chochote cha homoni. Mvue viatu, fumua misuko inayoinua utosi, msimamishe visigino na mgongo vikiwa vimegusa ukuta, macho yakitazama mbele, weka kitabu kigumu kichwani, tia alama, pima kwa futikamba. Andika tarehe. Rudia baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, saa zile zile za siku, kwa kuwa jioni kila mtu huwa amepungua kidogo. Usipime kila mwezi. Utakuwa unapima makosa ya mkono wako. Chukua karatasi hiyo, kadi ya kliniki na urefu wenu wazazi, nenda navyo kwa daktari wa watoto. Akiona haja atakuelekeza kwa bingwa wa homoni za watoto. Ni wachache, lakini wameongezeka tangu 2008, Nairobi ilipoanza kuwa na kituo cha mafunzo kwa ajili ya Afrika, PETCA, kilichosomesha madaktari wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Na kwa wanaopanga bajeti za afya wilayani na kwenye kaunti: wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi 18, na hata kabla ya hapo mizani hutumika kila siku huku ubao wa urefu ukikaa kabatini. Utoeni. Pelekeni mmoja katika kila zahanati na kila shule ya msingi, mfundisheni mtu kuutumia, watoto wapimwe mara mbili kwa mwaka na namba ziandikwe. Ubao huo utamfichua mwenye njaa, mwenye selimundu, msichana wa Turner na yule mmoja wa tezi ya pituitari. Ununuliwe kabla ya mashine yoyote ya kupima homoni.